Pumzi Halisi na Hesabu ya Ishirini

Jumamosi, 4 Machi

Dai langu ni hili, na nitalitetea msimu mzima wa mvua: katika mchezo wa video wa mapigano mseto, mpiganaji ni yule anayelinda pumzi yake, anayechagua umbali wa kusimama, na anayempeleka mpinzani chini kwa wakati anaoutaka yeye. Anayebofya teke la kichwa mfululizo hadi limpate mtu hapigani. Anabahatisha, na ushindi wake hauna heshima zaidi ya ule wa mtu aliyeokota kitu njiani.

Nimelisema dai hilo leo ukumbini, kwa sauti, mbele ya watu wasiopungua thelathini, nikachekwa hata na waliokuwa wamesinzia. Kwa hiyo naliandika. Karatasi haicheki.

Ukumbi wenyewe ni chumba kirefu juu ya duka la rangi: skrini sita, viti vya plastiki, paa la bati lisilo na dari, na harufu ya rangi inayopanda ngazi pamoja na wateja. Mwenye ukumbi, ambaye sote twamwita Mama, alikuwa mpiga chapa wa ofisi kwa miaka mingi, na mpaka leo hutawala kwa maandishi. Ana ubao mweupe ukutani. Lisiloandikwa humo halipo. Kila msimu wa mvua, watu wakiwa hawana pa kwenda, huendesha ligi ya Jumamosi. Kila mtu hukutana na kila mtu, kisha wawili wenye alama nyingi huingia fainali. Mshindi hapewi kikombe. Hupewa kitu kikubwa zaidi: haki ya kuchagua mpangilio wa mashine zote sita hadi msimu unaofuata.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Misimu mitatu mfululizo bingwa amekuwa Kinyozi, mwenye kibanda cha kunyolea ng'ambo ya barabara, na mara zote tatu amechagua mpangilio uitwao pumzi nyepesi. Kila mpiganaji kwenye skrini ana mstari wa kijani unaoonyesha pumzi yake. Katika pumzi nyepesi mstari huo hujaa tena kabla hujapepesa macho, hivyo unaweza kurusha mateke arobaini usiheme. Katika pumzi halisi, kila kitu kinachokosa hugharimu: mikono hulegea, miguu huchelewa, na mpumbavu huanguka kwa upumbavu wake. Wa kwanza ni fujo yenye alama. Wa pili ni mapigano.

Na lipo jambo la pili, ambalo sijalisikia popote isipokuwa hapa. Zamani wachezaji wawili waliwalaza wapiganaji wao sakafuni robo saa nzima, wateja wakaondoka mmoja mmoja. Mama akaandika ubaoni: WAKILALA, UKUMBI UHESABU. ISHIRINI, ALIYE JUU AACHIE. Tangu siku hiyo, mpiganaji akimlaza mwenzake, ukumbi wote huhesabu kwa sauti, na ikifika ishirini aliye juu sharti amwachie mwenzake na ainuke, hata kama kabali yake ya shingo imebakiza nukta moja ikamilike. Yaani nusu nzima ya sanaa hii imefungiwa saa na watu wasio na subira.

"Msomi," Kinyozi aliniambia, bila kuondoa macho kwenye skrini, "hiyo hotuba ina raundi ngapi?"

"Ina hoja tatu."

"Basi mimi nina teke moja. Tuone kipi kitachoka kwanza."

Wakavunjika mbavu. Mama akauliza kama najiandikisha au nahutubu. Nimejiandikisha. Ameniandika wa mwisho: *Msomi*. Jina langu hakuliuliza.

Jumapili, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Dada yangu, ambaye ninaishi kwake tangu nihitimu, ameuliza nimepeleka barua ngapi za kuomba kazi. Nimemjibu kwamba swali si idadi. Amesema swali ni idadi.

Jumamosi, 11 Machi

Nimemshinda muuza rangi wa chini, kwa pointi. Teke la paja, ngumi ya mkono wa mbele, hatua moja nyuma, tena, tena. Watu walipiga miayo. Miayo si hoja.

Jumamosi, 18 Machi

Nimepigwa. Raundi ya kwanza, sekunde ya arobaini na moja.

Nataka jambo hili liandikwe kwa usahihi, kwa kuwa ukumbini litasimuliwa kwa chumvi. Kinyozi alimchukua yule mpiganaji wake mrefu, mwenye miguu kama ngazi ya fundi umeme. Mimi nilimchukua mfupi, mpana, mcheza mieleka. Nilikaa mbali, kama nadharia inavyotaka. Alirusha teke la kichwa, likakosa. La pili likakosa. La tatu, la nne, la tano, la sita. Katika ulimwengu wenye haki, mtu aliyerusha mateke sita hewani angekuwa ameshika magoti akihema. Mstari wake wa kijani ulikuwa umejaa kama ndoo chini ya bomba. La saba halikukosa.

"Hoja ya kwanza imelala," Kinyozi akatangaza. "Hizo mbili ziko wapi? Zimekwenda kunywa chai?"

"Umeshinda kwa mpangilio," nikamwambia, "si kwa akili."

"Kichwa kilicholala pale ni cha nani, changu au cha mpangilio?"

Nilikuwa nimeanza kumjibu, na lilikuwa jibu zuri, ndipo nikaona ukumbi wote unatazama ngazi. Mume wa dada yangu alikuwa amesimama pale, ovaroli imelowa mpaka magotini, mkononi kashika mwavuli wa maua.

"Shemeji," akasema, "dada yako kasema uvae huu."

Kicheko kilichofuata sitakieleza.

Tuliondoka, mimi chini ya maua yale. Shemeji ni fundi wa lifti, mtu wa maneno kumi kwa siku, na manane kati ya hayo huhusu lifti. Kwa miaka minne nimemhesabu kuwa samani ya nyumba ile: nzuri, imara, haina la kusema. Tulipofika kwenye kona akanena.

"Unasimama pabaya, shemeji."

"Pabaya wapi?"

"Mwisho wa mguu wake. Teke uzito wake uko pale mwishoni. Ama ingia ndani kabisa, ama toka nje kabisa. Wewe umesimama pale pale anapokutaka, halafu unaita hiyo tahadhari."

Nikamuuliza kwa sauti ambayo sasa naona haikuwa ya heshima, fundi wa lifti ameyajulia wapi hayo. Akagusa sikio lake la kushoto, lile lililokunjamana kama karatasi iliyofinywa ngumini.

"Mieleka. Miaka tisa."

Miaka minne nimekula meza moja na sikio hilo, nikidhani amezaliwa nalo.

Jumapili, 19 Machi

Nimemuuliza dada, ambaye ni muuguzi wa wodi ya mifupa na majeraha.

"Ulikuwa hujui? Si mimi niliyelishona? Alikuja damu mpaka kwenye kola, akaniuliza kama Jumapili nina nafasi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia atulie, sindano haitaki maongezi." Akakunja shuka. "Wewe unasoma vitabu vyote, watu huwasomi."

Nikashika upande wa pili wa shuka.

Jioni, meza ikiwa imesogezwa ukutani, shemeji akanisimamisha katikati ya zulia na kunionyesha. Teke la kichwa likikosa, mpigaji kwa kitambo kifupi sana amebaki na mguu mmoja duniani. Hapo hapo unaingia chini ya paja, bega kwenye kiuno, unampiga mwereka. "Usisubiri aushushe," akasema. "Akishaushusha, ni mtu mzima tena." Alinilaza mara tano, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayeshusha kioo cha lifti. Dada alipita na ndoo, akaturuka.

Jumatano, 22 Machi

Mazoezi ukumbini. Mvua kubwa juu ya bati: hata sauti ya skrini haisikiki. Nimebofya mwereka mara sitini. Umefaulu mara arobaini na nne.

Jumamosi, 25 Machi

Ushindi. Mpiga picha wa pasipoti, raundi ya pili, kabali kwenye hesabu ya kumi na nane.

Jumamosi, 1 Aprili

Ushindi, na mazomeo. Walihesabu haraka makusudi, "moja-mbili-tatu-nne" kama watu wanaofukuzwa. Nilimgeukia Mama. Akaandika ubaoni, chini ya sheria yake: KWA MWENDO WA SAA. Nilidhani hanipendi. Pengine hanipendi, lakini ni mwadilifu, na hilo ni adimu kuliko kupendwa.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimegundua jambo.

Waamuzi walio ndani ya mchezo hutoa pointi kwa kila sekunde mpiganaji anayokaa juu. Hawaulizi anafanya nini huko juu. Kwa hiyo: mwereka, tulia, hesabu moyoni hadi kumi na tisa, achia, inuka, mwereka tena. Mpinzani hapati hata nafasi ya kunyoosha mguu. Leo nimewashinda wawili bila kurusha ngumi zaidi ya nane. Hesabu waliyonitilia kama mnyororo nimeifanya ngazi. Sasa nahesabu vizuri kuliko wao: wakiwa kwenye kumi na nane kwa kelele zao, mimi najua kama ni kumi na nane kweli au kumi na saba na nusu.

Nakiri nimejifurahia.

Jumamosi, 15 Aprili

Kinyozi amenisubiri chini ya ngazi, aproni yake bado shingoni, nywele za watu mabegani.

"Nikuulize swali la kisomi," akasema. "Mwereka wako ukikosa, unachoka?"

"Si sana. Mpangilio ni wako."

"Aa. Yaani pumzi nyepesi imekuwa tamu." Akajipangusa. "Mimi nabofya teke mpaka limpate mtu. Wewe unabofya mwereka mpaka umpate mtu, halafu unamlalia kama godoro. Ile hotuba ya kwanza, ya anayebahatisha na anayepigana, ilikuwa inatuhusu sisi wawili au mimi peke yangu?"

"Kuna tofauti ya msingi," nikamwambia. "Mwereka ni mbinu ya kweli. Wacheza mieleka hasa huutumia."

"Na teke ni la wapi? La jikoni?"

Waliokuwa ngazini wakapiga makofi. Nikamwambia kwamba mtu anayeishi kwa kukata nywele za wengine asijifanye anajua kilicho chini ya nywele hizo. Halikuwa jibu. Lilikuwa tusi lililovaa suti, na yeye alilipokea kwa kutikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa alichokuwa ameagiza.

Nimerudi nyumbani nikaandika kurasa nne kuthibitisha tofauti ya msingi. Nimezisoma. Nimezichana.

Jumapili, 16 Aprili

Nimemweleza shemeji mbinu yangu ya kumi na tisa. Alisikiliza hadi mwisho, akanywa chai yake.

"Unapata pointi," akasema.

Nilingoja aendelee. Hakuendelea.

Jumamosi, 22 Aprili

Ushindi.

Jumamosi, 29 Aprili

Ushindi wa mwisho wa mzunguko. Ubaoni, kwa wino mwekundu: FAINALI: KINYOZI NA MSOMI. Barabara imegeuka kijito. Muuza rangi ameweka mbao mlangoni ili watu wavuke.

Jumamosi, 6 Mei

Umeme umekatika kabla ya raundi ya kwanza. Imeahirishwa wiki moja. Kinyozi amesema hata taa zimeniogopea nisije nikaaibika. Nimemwambia akanoe mikasi.

Jumamosi, 13 Mei

Nimeshinda. Mpangilio utakuwa pumzi halisi, katika mashine zote sita, mpaka mvua za mwakani. Nimeanza na mwisho.

Mvua ilianza tulipokaa vitini. Nimeishi misimu mingi ya mvua, lakini ile ya leo haikuwa ikinyesha, ilikuwa ikimwagwa. Bati lilinguruma kiasi kwamba aliyekuwa bega kwa bega nami alipofungua kinywa niliona meno tu. Ukumbi ulikuwa umefurika, mpaka ngazini watu walisimama na miavuli yao. Kwenye kona ya dirisha paa lilikuwa limeanza kuvuja, karibu na soketi.

Raundi ya kwanza aliichukua yeye. Amejifunza: hakuurusha mguu ovyo. Alinidanganya kwa nusu ya teke, nikaingia chini ya paja ambalo halikuwapo, akanikaribisha kwa goti. Raundi ya pili nilimlaza mara tatu, kumi na tisa kila mara, nikapata pointi zangu, na mara zote tatu watu walizomea kwa vidole, maana sauti hazikufaa kitu. Nikajua nimebaki nyuma kidogo. Na nikajua jambo jingine, ambalo halikunipendeza: nikishinda kwa pointi za godoro, nitachagua pumzi halisi nikiwa nimeipata kwa njia ambayo pumzi halisi yenyewe ingeikataa. Nikakata shauri kumaliza kwa kabali au nisimalize kabisa.

Raundi ya tatu, ikiwa imebaki dakika moja na nusu, alirusha teke lenyewe, zima, la kichwa. Likakosa. Kwa kitambo kile kifupi alikuwa na mguu mmoja duniani. Nikaingia. Bega kwenye kiuno. Mwereka ulikuwa safi hata nikamwona shemeji kwenye zulia.

Nilipita ubavuni, nikamkalia mgongoni, nikaanza kabali. Kabali katika mchezo huu ni mstari mwembamba unaojaa polepole mpinzani asipopata mlango wa kutokea. Yeye alikuwa mjuzi wa kutoka. Aliupunguza mara mbili. Kando yangu vinywa vilifunguka na kufungwa, vikihesabu. Mvua ikavimeza vyote. Mama hakuwa kwenye kiti chake. Alikuwa dirishani, akihamisha soketi na kutega beseni. Kinyozi alinigeukia na kupaza sauti. Niliona midomo yake. Mstari ulikuwa umebakiza kidole kimoja. Sikuachia. Mpiganaji wake mrefu akapiga sakafu kwa kiganja mara tatu, kusalimu amri, na skrini ikaandika jina la mtu wangu.

Mvua ilipopungua kidogo, Kinyozi alikuwa amesimama.

"Mama, imepita ishirini. Imepita zamani."

Mama akapangusa mikono. "Imefika ngapi?"

Akajibiwa na ukumbi mzima: kumi na tano, kumi na nane, thelathini, kumi na mbili. Kila mtu alikuwa amehesabu na jirani yake, na kila jirani alikuwa mwingine. Mama akanitazama. Ana macho ya mtu aliyesahihisha maandishi ya wengine maisha yake yote.

"Msomi. Ulisikia hesabu?"

"Mama, kwa mvua hii, nani angesikia?"

Akachukua kalamu, akaniandika bingwa. Mimi nilitoka na ushindi. Kinyozi alibaki akieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyomcheka. Bingwa wa misimu mitatu, analia namba.

Sikusikia hesabu. Nalisema na hapa: sikusikia hesabu.

Jumapili, 14 Mei

Dada amepika vizuri kwa heshima yangu, huku akisema si kwa heshima yangu. Shemeji alinipongeza, akaniomba nimsimulie. Nikamsimulia. Kwenye kabali akainua mkono.

"Ulihesabu mpaka ngapi?"

"Sikusikia, shemeji. Mvua."

"Sijauliza ulisikia nini." Alikuwa akimenya chungwa, ganda moja refu lisilokatika. "Aliye juu huhesabu. Hata asipotaka. Mwili wenyewe unahesabu."

Nikamuuliza kuhusu lifti za hospitali. Akanijibu kwa urefu ambao sijawahi kuusikia kwake. Nadhani alinihurumia.

Jumatatu, 15 Mei

Mvua nyepesi.

Jumamosi, 20 Mei

Pumzi halisi imeanza, na dai langu linathibitika mbele ya macho yangu. Muuza rangi alirusha mateke matano ya mwanzo kwa mazoea, mtu wake akabaki ameinama kama mzee anayetafuta miwani. Raundi ya pili alianza kufikiri. "Kumbe unatakiwa uchague," akasema. Ndiyo, ndugu yangu, unatakiwa uchague. Mpiga picha amejifunza kuegemea uzio na kuvuta pumzi. Vijana wanaulizana juu ya umbali. Nilipaswa kutembea juu ya mawingu.

Kinyozi hakuja. Kwenye ukingo wa ubao mtu amemchora, kichwa kikubwa, machozi yakitiririka, na kila chozi lina namba ndani yake. Mama hajaifuta picha hiyo. Wala mimi sikuifuta, na kifutio kilikuwa karibu na mkono wangu.

Jumatatu, 22 Mei

Nimeitwa kwenye usaili siku ya Alhamisi. Dada ametazama kichwa changu. "Hivyo hivyo?" Kinyozi wa pili wa mtaa huu amehama tangu mwaka jana.

Jumanne, 23 Mei

Niliingia kibandani saa nne asubuhi. Hapakuwa na mteja mwingine. Alinitazama kupitia kioo, akapangusa kiti.

"Kaa."

Nilikaa. Akanifunga shuka shingoni, akaniuliza ninakwenda wapi na kichwa hicho. Nikasema kwenye usaili. Akasema, basi tupunguze kiburi kidogo pembeni, juu tukiache. Sikucheka. Na yeye hakucheka.

Kisha akaanza kazi, nami, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kutazama, nikamtazama. Sijaona mkono unaopoteza kidogo namna ile. Mashine ilipanda, ikageuka, ikashuka. Kila mpito ulikuwa umeamuliwa kabla haujaanza. Akikosa pembe hakurudia papo hapo. Alivuta pumzi, akahamisha mguu, akaja kwa upande mwingine. Nilikuwa nimemwandika mtu huyu kurasa nyingi kama mbofya vitufe. Mtu huyu anajua umbali kuliko mimi. Teke lile la saba la mwezi Machi halikuwa bahati. Sita ya kwanza yalikuwa yanapima mahali niliposimama.

Alipochukua wembe kumalizia kisogo, akasema bila kubadili sauti:

"Siku ile nilikuwa nahesabu. Unajua, aliye chini naye anahesabu. Hana kazi nyingine."

Nikatazama nywele zangu sakafuni.

"Mimi nilipata ishirini na sita. Kwa mwendo wa saa, kama alivyoandika Mama. Wewe ulipata ngapi?"

Wembe ulikuwa kwenye ngozi, na haukutikisika. Hakunitisha. Alisubiri tu, kama anavyosubiri mtu apige hatua mbaya. Sikumjibu. Akanipangusa unga wa nywele, akanionyesha kisogo changu kwa kioo kidogo. Kilikuwa kimenyooka kama mstari wa rula.

"Nenda," akasema. "Na usije tena hapa kuninyamazia. Kunyamaza kwako kunachukua nafasi."

Ishirini na sita. Ndiyo hesabu yangu pia. Kwenye ishirini kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuachia, nilikihisi, nikakiondoa.

Jumatano, 24 Mei

Barua hii nimeibandika leo saa nane mchana kwenye ubao, juu ya ile picha, baada ya kuifuta picha. Nainakili hapa neno kwa neno.

*Kwa Mama, kwa Kinyozi, na kwa ukumbi wote.*

*Mama, uliniuliza kama nilisikia hesabu, nami nikakujibu kwa swali. Jibu ni hili: sikusikia, kwa sababu sikuhitaji kusikia. Nilihesabu mwenyewe, kama nilivyohesabu kila Jumamosi tangu Aprili, na nilishika mpaka ishirini na sita. Ulikuwa umeandika ishirini. Ufute ushindi wangu, umrudishie Kinyozi msimu wake na haki yake ya kuchagua mpangilio. Aliyechora picha ya machozi, akitaka kuchora tena, anichore mimi; anajua ninapokaa.*

*Kinyozi alisema kweli, mkamcheka. Mlimcheka kwa sababu yangu. Na alisema kweli mara ya pili chini ya ngazi, aliposema kwamba mwereka wangu na teke lake vimelelewa na mpangilio mmoja. Nililitukana swali lake kwa kuwa sikuwa na la kulijibu.*

*Lakini asijidanganye mtu kwamba nimekuja hapa kuomba urafiki au kulitupa dai langu. Nimelivunjia heshima mimi, lenyewe halijavunjika. Jumamosi moja tu ya pumzi halisi imewafanya watu wa ukumbi huu wafikiri kabla ya kurusha mguu, na kila aliyekuwapo ameona. Kuhusu hesabu, nilivunja sheria mbaya, na ubaya wake haunisafishi. Lakini bado ni mbaya. Inamwokoa aliyelazwa kwa haki, na inamlipa pointi godoro kama mimi.*

*Kwa hiyo, Kinyozi, nakutaka hadharani. Siku kavu, bati likiwa kimya. Pumzi halisi, raundi tatu, hakuna hesabu. Wewe na mrefu wako, mimi na mfupi wangu. Ukinishinda hapo nitaandika kwenye ubao huu kwamba nilikosea tangu sentensi ya kwanza, na nitaiacha isomwe msimu mzima. Nadhani unaweza kunishinda, ndiyo maana sielewi ni kwa nini misimu mitatu umejificha ndani ya pumzi nyepesi na mkono kama ule.*

*Sitaki jibu la mzaha kutoka kwenye kiti, wala la kibandani, wembe ukiwa shingoni mwangu. Kama unakubali, andika siku. Kama unakataa, andika sababu. Na wewe Mama, useme kwa maandishi kama hesabu ya ishirini inastahili kubaki. Nafasi nimewaachia chini ya barua hii, na kalamu nyekundu nimeifunga kwa uzi. Jibuni hapa, kwa wino, mbele ya watu wote.*